Mjumbe wa kujitolea naye hulipa nauli

Fika kijiji chochote uulize mwenyekiti wa kamati ya zahanati ni nani. Utatajiwa mwalimu fulani mstaafu. Uliza kamati ya shule, ni huyo huyo. Nani anashika fedha za jumuiya ya watumia maji? Mwalimu. Na pale kanisani au msikitini, jina la kwanza kwenye orodha ya wadhamini iliyopelekwa RITA ni la nani? Usijisumbue kuuliza.

Mjini hali haitofautiani sana, ila badala ya mwalimu utamkuta askari mstaafu, au mama mmoja mwenye duka ambaye mtaa mzima umezoea kumpelekea kila barua. Watu wale wale, viti vile vile, mwaka baada ya mwaka. Kwenye mikutano ya uchaguzi sauti hupazwa kutoka nyuma: "Mwalimu aendelee! Sisi tunamwamini!" Makofi yanapigwa, mwenyekiti anacheka kwa aibu, mkutano unafungwa.

Wengi huliona jambo hili kuwa ushahidi wa heshima aliyonayo mzee huyo. Heshima ipo, sikatai. Lakini mimi naona kitu kingine pia: kiti kile ni cha gharama, na katika kijiji cha kaya mia nne ni chache mno zinazoweza kukimudu. Tumezipa nafasi hizi jina zuri la kujitolea, kisha tukanyamaza kuhusu bili yake. Mtu wa pensheni akiilipa tunampigia makofi. Asiye na pensheni akitafuta njia ya kuifidia tunamwita mwizi.

Niseme msimamo wangu mapema ili anayetaka kubishana aanze sasa. Mjumbe wa kamati ya umma asilipwe mshahara, wala posho ya kukalia kiti. Lakini pia asitoe hata shilingi moja mfukoni mwake kwenda kutuhudumia, na kila senti anayorudishiwa ibandikwe ukutani tuione.

Gari la dawa limefika

Tatizo la kwanza ni kwamba hatujui watu hawa wanafanya nini. Tukisikia "kamati" tunafikiria soda na mjadala mrefu. Basi tuangalie kazi moja tu.

Gari la Bohari ya Dawa linafika zahanati alasiri, siku ambayo hakuna aliyeitegemea. Maboksi yanashushwa na kupangwa barazani. Mganga mfawidhi hawezi kuyafungua peke yake. Anatakiwa awepo mjumbe wa kamati kushuhudia. Anapiga simu. Mjumbe yuko shambani, msimu wa palizi, kilomita kadhaa kutoka barabarani. Anaacha jembe, ananawa miguu, anasimamisha bodaboda. Akifika, boksi moja moja linafunguliwa. Wanalinganisha hati ya kupokelea na kilichomo. Makopo ya vidonge yanahesabiwa. Dawa ya mseto ya malaria inaangaliwa kama dozi za watoto zimekuja, au zimeletwa za watu wazima tupu. Tarehe ya mwisho wa matumizi inasomwa kwa tochi ya simu kwa sababu mwanga umeanza kupungua. Oksitosini, ile sindano inayomwokoa mama anayevuja damu baada ya kujifungua, iwahishwe kwenye friji, na friji iwe inafanya kazi. Leja inajazwa, anasaini. Anarudi nyumbani kiza kimeingia, kwa bodaboda nyingine, na usiku nauli hupanda.

Hapo hatujafika kwenye vikao. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zimekuwa zikiingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, hadi zahanati za vijijini. Lilikuwa jambo zuri sana. Zamani fedha zilikwamia wilayani, na zahanati ikikosa hata sabuni ya kufulia mashuka ilibidi iandike barua. Sasa kituo kinapanga chenyewe, na kamati ndiyo inayopitisha mpango na kuyatazama matumizi. Mjumbe aliyechaguliwa kwa sababu ni mtu mpole ndiye huyo sasa anayetakiwa aelewe bajeti, kasma, salio na taarifa ya robo mwaka.

Kuna mjumbe mmoja niliyewahi kuzungumza naye ambaye hadi leo akiingia duka la dawa mjini hugeuza kidonge kutafuta herufi GOT, alama ya dawa za serikali. Hakutumwa na mtu, ni mazoea tu aliyoyapata kwenye kamati. Mtu wa namna hiyo ana thamani kubwa kwa kijiji kuliko mabango yote ya kampeni tunayobandikiwa.

Nondo ya 12 na nondo ya 10

Mfano wa pili ni wa shule, na huu wengi tunaukumbuka. Mwishoni mwa mwaka 2021 serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa fedha za mpango wa UVIKO-19: 12,000 ya sekondari na 3,000 kwenye vituo shikizi. Kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20. Halikujengwa na wakandarasi wakubwa. Walitumika mafundi wa mtaani, na fedha zikasimamiwa kwenye shule zenyewe na kamati za ujenzi, za manunuzi na za mapokezi. Madarasa yakasimama, watoto wakaingia Januari. Tuliwasifu viongozi, na walistahili.

Lakini nani alisimama kwenye mchanga saa sita mchana akihesabu mifuko ya saruji? Wajumbe wa mapokezi: mkulima, fundi cherehani, mama wa genge. Lori linashusha nondo. Kwenye karatasi imeandikwa milimita 12. Nondo ya 12 na ya 10 zinafanana kabisa machoni kwa mtu ambaye hajawahi kuzishika zote mbili pamoja. Dereva ana haraka, mkuu wa shule ana haraka zaidi maana wilaya inapiga simu kila jioni kuuliza asilimia. "Mama, saini hapa." Anasaini.

Ukaguzi ukija, karatasi inasema nini? Inasema mama amepokea nondo za milimita 12. TAKUKURU hawataanza na dereva, wataanza na sahihi. Tumempa mtu madaraka ya kusaini bila kumpa hata nusu siku ya kumwonyesha anachosainia. Je, hiyo ni imani yetu kwake, au tumemtega?

Mafunzo ya namna hiyo hayahitaji hoteli. Yanahitaji fundi mwaminifu, vipande viwili vya nondo, mfuko mmoja wa saruji na kivuli cha mwembe. Badala yake tumezoea kuona semina za kuhamasisha moyo wa kujitolea ambazo washiriki wake wanalipwa posho ya siku, chai na chakula cha mchana, na mjumbe wa kijiji hayumo.

Nani anaweza kukaa kwenye kiti hicho?

Sasa turudi kwenye ile bili. Nauli ya kwenda na kurudi, vocha ya kupigiana simu, na zaidi ya vyote, siku yenyewe. Kikao kikipangwa siku ya mnada, mama muuza dagaa akienda kikaoni amepoteza mauzo ya wiki nzima. Hakuna atakayemwuliza jioni kikao kilikwendaje. Watamwuliza unga uko wapi. Kwa hiyo haendi. Mara ya pili haendi. Mara ya tatu jina lake linaondolewa kwa maelezo kwamba "akina mama hawajitokezi".

Wanaobaki ni wazee wa kiume wenye pensheni au wenye watoto wanaowatumia fedha kutoka mjini. Sina ugomvi nao. Lakini mzee wa miaka 67, hata awe mwadilifu kiasi gani, hajawahi kupelekwa wodi ya wazazi usiku akaambiwa arudi na glovu, wembe na beseni lake. Hajui kwamba chumba cha kujifungulia hakina pazia na dirisha linatazama njia ya shuleni. Kamati ikikaa kupanga vipaumbele, atapendekeza uzio na bango la lango kuu. Uzio utajengwa. Mama atarudi tena mwakani kwenye chumba kile kile kisicho na pazia, na mzee wetu hatajua kwa nini wanawake wa kitongoji cha pili wanajifungulia nyumbani.

Ndani ya kaya ya mjumbe mwenyewe nako kuna maumivu. Fedha ya bodaboda ilitoka kwenye mtaji wa maandazi wa mkewe. Baba anaondoka amevaa shati lililopigwa pasi, mama anabaki anahesabu chenji. Mmoja wa wake hao aliniambia kwa ukali kidogo: "Huyo mnayemwita mtu wa watu, watu wake wa hapa ndani wanakula saa ngapi?"

Wapo watakaosema wazee wetu walijitolea bure na nchi ikajengwa. Hebu tutazame walivyofanya. Upareni kulikuwa na msaragambo: mfereji ukiziba au njia ikiharibika, siku inatangazwa, kila kaya inatoa mtu, na asiyekuja anatozwa faini. Kazi ile iligawanywa kwa wote. Hakuachiwa mzee mmoja achimbe mfereji miaka tisa huku wengine wakimpigia makofi kutoka kivulini. Na aliyewaita wenzake kumlimia shamba lake aliwapikia chakula na kuwaandalia pombe. Ilikuwa aibu kumrudisha mtu nyumbani na njaa baada ya kukutumikia.

Hata siasa za uhuru zilikuwa na mlipaji. Wakazi wa Dar es Salaam wanaufahamu ukumbi wa Anatoglo pale Mnazi Mmoja, kituo cha jamii kilichojengwa kwa msaada wa George Arnautoglu, tajiri wa Kigiriki. Mwaka 1953 viongozi wa TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika, walichaguana humo, na Julius Nyerere, mwalimu wa Pugu, akatoka akiwa rais wa chama. Mwaka uliofuata ikazaliwa TANU. Mwaka 1955 Nyerere aliacha kazi ya ualimu, maana darasa na chama havikuwezekana kwenda pamoja. Je, aliishi kwa hewa? Walikuwepo akina John Rupia waliofungua mifuko, akina Abdulwahid Sykes waliofungua milango ya nyumba zao, akina Dossa Aziz waliotoa gari. Wanachama wakachanga. Kujitolea kwa yule mwalimu kulikuwa na watu nyuma yake waliokaa wakajiuliza: huyu atafikaje anakokwenda, na watoto wake watakula nini? Sisi swali hilo hatumwulizii mwenyekiti wetu wa zahanati.

Bili hujilipa yenyewe

Gharama isiyotajwa huwa haifutiki. Hutafuta mlango wa nyuma. Mjumbe aliyetumia elfu kumi na tano zake mwezi huu ataona si vibaya sana mchanga wa ujenzi ukinunuliwa kwa shemeji. Mwingine atawekewa dawa pembeni zisiishe kabla mtoto wake hajaugua. Mwingine hataomba chochote. Ataacha tu kuuliza maswali, kwa kuwa mganga ni mtu mwema na mara ya mwisho alimtolea ya bodaboda. Waswahili walisema mkono mtupu haulambwi. Kweli, lakini ukishaulamba mkono wa mtu unayemsimamia, utamsimamia vipi?

Hapa ndipo penye kasoro ninayoiona kubwa kuliko zote, nayo haizungumzwi. Mganga mfawidhi ndiye katibu wa kamati. Anayesimamiwa ndiye anayeandika muhtasari wa wanaomsimamia. Ndiye anayeitisha kikao, ndiye anayejua salio. Ikitokea kuna nauli ya wajumbe, hutoka kwenye fedha za kituo hicho hicho, kwa kiasi na wakati atakaoona yeye unafaa. Sisemi waganga ni wabaya; wengi wao nao wanafanya kazi ya watu watatu. Nasema mpangilio wenyewe unamfunga mjumbe mdomo kabla hajaufungua. Nauli ingekuwa kiwango kinachojulikana, kilichopangwa na halmashauri, kikatumwa kwa simu ya mjumbe siku ya kikao, asingekuwa na deni la shukrani kwa mtu yeyote mezani pale.

Basi kwa nini tusiwalipe tu, tukamaliza? Nimelisikia wazo hili na nina hofu nalo. Kiti kikishakuwa na mshahara, hakitabaki kwa mama wa dagaa. Tumeshaona kura za maoni za udiwani zinavyokuwa: kofia, fulana, vikao vya usiku. Zahanati haitanufaika kwa kuwa na wagombea wa aina hiyo. Tena fedha za kuwalipa zitatoka wapi kama si kwenye makopo yale yale ya dawa? Kumrudishia mtu alichotumia na kumlipa ujira ni mambo mawili, na tofauti hiyo hata mtoto anayetumwa dukani anaijua.

Linalohitajika zaidi ya nauli ni ukomo. Mtu asikae kwenye kamati zaidi ya mbili kwa wakati mmoja, na akimaliza vipindi viwili apumzike. Najua jibu litakalotolewa: hakuna mwingine anayeweza. Atawezaje, kama leja hajawahi kuiona? Mwalimu mstaafu angetufaa zaidi kama angekaa pembeni akimfundisha binti wa kidato cha nne aliyerudi kijijini, ambaye hana kazi na anajua hesabu kuliko sisi sote. Siku mzee huyo atakapoanguka, na sote tutaanguka, kamati nne zitakufa kwa mpigo mmoja, na madaftari yake yatabaki chini ya kitanda ambacho warithi watakiuza.

Karatasi moja ukutani

Mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari lililofungiwa kabatini nalo halisaidii sana. Sheria zetu za serikali za mitaa za mwaka 1982 zimetupa mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ana haki ya kuhudhuria, na utaratibu ni kusomewa mapato na matumizi kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo mjumbe wa kujitolea anapotakiwa kutulipa: asimame, asome. Kilichoingia, kilichotoka, dawa zilizopokelewa, waliohudhuria vikao, nauli waliyorudishiwa. Kisha karatasi ibandikwe kwenye ukuta wa zahanati, pale kina mama wanapokaa kusubiri kliniki ya watoto. Hakuna mkaguzi mkali kama mama aliyesubiri tangu saa moja asubuhi bila kitu kingine cha kusoma.

Tufanye na hesabu, maana najua afisa mipango ameshashika kalamu nyekundu. Chukua kamati ya watu wanane, inayokutana mara nne kwa mwaka, kila mmoja arudishiwe nauli ya shilingi 5,000 kwa kikao. Ni shilingi 160,000 kwa mwaka mzima. Ongeza safari za kupokea dawa na siku moja ya mafunzo, haitafika nusu milioni. Tangu Julai 2022, kiwango cha juu cha posho ya kujikimu kwa mtumishi wa umma anayesafiri ndani ya nchi ni shilingi 250,000 kwa siku. Bosi mmoja akipunguza usiku mmoja tu wa safari zake, kamati nzima imepata nauli ya mwaka na chenji imebaki. Halmashauri inayosema haina fedha za jambo hili itutajie kwanza safari zake.

Wenyeviti wetu wa vijiji, mitaa na vitongoji walichaguliwa Novemba 2024, na kila mmoja aliomba kura akiahidi zahanati bora. Hawahitaji waraka kutoka Dodoma ili kuanza. Mwenyekiti wa kijiji anaweza kuingiza nauli ya wajumbe kwenye mipango inayoibuliwa na wananchi kabla bajeti ya Julai haijafungwa, anaweza kusogeza kikao kisigongane na siku ya mnada, na anaweza kuitisha mkutano mkuu hesabu zikasomwa. Kama mkutano huo haujaitishwa kwenu tangu mwaka uanze, anzeni kwa kumwuliza hilo.